Mafundo ya Njia ya Bwawani

Tangazo! Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, nikiwa nimesimama juu ya toroli lililopinduliwa, nawatangazia wananchi wote kwamba mimi, mwanafunzi wa shule ya bweni yenye sifa zake, kiranja msaidizi wa bweni letu na mshindi wa shindano la insha, nimekuwa Mkaguzi Mkuu wa Njia ya Bwawani, pamoja na daraja lake, mabenchi yake, mitaro yake na konokono wake wote. Wananchi watulie. Njia iko katika mikono salama.

"Mheshimiwa," shangazi aliita kutoka ndani ya mtaro, "shuka kwenye toroli langu ulete changarawe."

Nikashuka.

Ukweli ni kwamba hakuna aliyeniteua. Nililetwa kwa shangazi likizo nzima kwa sababu nyumbani nilijaza chumvi kwenye kopo la sukari siku ambayo bosi wa baba alikuja kunywa chai. Bosi aliinywa kwa adabu mpaka tone la mwisho. Baba hakunisemesha jioni yote, kisha akampigia simu dada yake: "Nakuletea huyu. Una kazi nyingi huko, si ndiyo?"

Kazi zilikuwepo. Shangazi alikuwa msimamizi wa njia ya matembezi inayozunguka bwawa, njia ya watu wote. Inaanzia getini, inapita kwenye miti, inavuka kijito kwa daraja la mbao na kurudi getini. Haina ngazi hata moja, na changarawe yake imeshindiliwa hadi kiti cha magurudumu kinapita bila kukwama. Mimi nilidhani njia ikishatengenezwa imetengenezwa. Siku yangu ya kwanza mvua ilinyesha, na asubuhi nusu ya changarawe ilikuwa imehamia bwawani. Tukaanza upya. Tulizibua mitaro, tukafyeka majani yaliyoingia njiani, tukasawazisha mashimo. Mwenzangu katika mateso hayo alikuwa binamu yangu, mtoto wa shangazi, tuliyemwita Kamanda kwa sababu alipenda kutoa amri na hakuwahi kutekeleza hata moja.

Kando ya njia, usawa wa kiuno, kulikuwa na kamba nene iliyofungwa kwenye nguzo kutoka getini hadi getini. Ilikuwa mpya, shangazi alikuwa ameibadilisha mwezi ule ule. Juu yake palikuwa na mafundo ya katani. Fundo moja lilimaanisha benchi. Mawili, njia inakata kona. Matatu, daraja. Ni kamba ya wasioona: unatelezesha mkono, na mafundo yanakuambia kilichoko mbele.

Aliyeitumia kuliko wote alikuwa Fundi Cherehani. Mzee huyu alipoteza macho akiwa mtu mzima, lakini hakuacha kazi. Alikuwa na kibanda chake karibu na geti, na cherehani yoyote iliyomshinda mtu mwenye macho, yeye aliifungua, akaipapasa na kuitengeneza. Kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, alifika getini na fimbo yake nyeupe, akaikunja, akaitia mfukoni na kushika kamba.

"Shikamoo, babu," nilimwamkia.

"Marahaba, Mheshimiwa. Nimekujua kwa reki. Inalia kama imeonewa."

"Imeonewa kweli, babu. Hata mimi nimeonewa. Nikushike mkono nikupeleke?"

Alicheka, akarudisha mkono wake nyuma kabla sijaugusa. "Mjukuu wangu, mimi nyumbani nashikwa mkono. Sokoni nashikwa mkono. Juzi mtu mwema kanivusha barabara, nami nilikuwa nimesimama tu namsubiri rafiki yangu. Hapa ndipo mahali pekee ninapokwenda mwenyewe. Niachie hapa."

Nikamwachia. Alikwenda zake akipiga mluzi, mkono ukiteleza kwenye kamba.

Balaa lilianza jioni moja Kamanda aliponitazama nikiosha vyombo na kusema, "Mimi naweza kuzunguka njia yote nikiwa nimefungwa kitambaa machoni."

"Wewe? Wewe unajigonga mlangoni taa zikiwa zimewaka."

"Tuwekeane dau, dada. Nikifika getini bila kufungua macho, unaosha vyombo vyangu mpaka likizo iishe. Nikishindwa, naosha vyako. Kesho asubuhi na mapema."

Tukapeana mikono kwa heshima zote. Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu wa maandalizi, nikaenda bwawani kabla jua halijazama na kufanya marekebisho madogo. Fundo la benchi nililipeleka kwenye kona. Mafundo ya kona niliyapeleka mahali pasipo na kitu chochote. Katani ilifunguka kwa urahisi. Daraja lina uzio pande zote mbili, hakuna ambaye angetumbukia, kwa hiyo hata mafundo yake niliyasogeza kidogo, kwa ajili ya ladha. Nilipanga kuja mapema, kucheka, kisha kurudisha kila kitu. Mpango haukuwa na kasoro.

Asubuhi Kamanda aliamka na mafua.

"Vita vimeahirishwa," alisema akiwa amejifunika mpaka kichwani. "Amri ya Kamanda."

Nilikimbia bwawani, nikachelewa. Fundi Cherehani alikuwa amesimama ndani ya kichaka, majani yamemfika kifuani, bado ameshika kamba kwa mkono mmoja.

"Nani huyo?"

"Mheshimiwa, babu."

"Ahaa. Niambie, mjukuu wangu, kona imekwenda wapi? Nimegusa fundo moja tu, nikajua naelekea kwenye benchi."

Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Labda ulikuwa na mawazo, babu."

"Labda," alisema, akacheka na kujikung'uta majani. "Uzee huu."

Nilijiambia hakuna madhara. Mchana, shangazi alipokuwa ng'ambo ya bwawa akijenga upya ukingo uliobomoka, nilipita kwenye kamba kurudisha mafundo. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba sikukumbuka yalipokuwa. Nguzo zote zilifanana. Kamba ilikuwa mpya, haina alama wala uchafu wa kunionyesha. Je, fundo la benchi lilikuwa kabla ya mti uliopinda ulio karibu na benchi, au baada yake? Nililifunga kabla. Nikalifungua, nikalifunga baada. Nikayafunga ya kona mahali palipoonekana panafaa, nikaondoka haraka haraka kama mtu anayejua anachofanya.

Kesho yake Fundi alizunguka taratibu sana. Mluzi haukusikika. Alisimama kwenye kila fundo, akalipapasa, akatikisa kichwa. Alipofika getini alimwuliza Kamanda, ambaye sasa mafua yalikuwa yamebaki puani tu, "Mwanangu, leo ni siku gani?" Kamanda akamwambia. "Naam," alisema Fundi. "Hivyo ndivyo nilivyodhani. Lakini siku hizi nauliza tu."

Nilichanganyikiwa zaidi yake. Kabla hata hajayazoea mafundo yangu mabaya, nilikuwa nimeyabadilisha tena! Jioni hiyo nilikaa kwenye benchi nikatumia elimu yangu yote. Mkaguzi Mkuu akafikia uamuzi: kila fundo lifungwe pale pale penye kitu chake. Fundo la benchi kwenye benchi. Mafundo ya kona kwenye kona. Mafundo ya daraja kwenye ubao wa kwanza wa daraja. Nani angeweza kukosea? Nilifunga, nikakaza, nikarudi nyuma kutazama. Kila kitu kilikaa sawasawa. Nililala usingizi mzuri.

Asubuhi shangazi alikwenda ofisi ya mji kuomba mbao za daraja, akatuachia reki na maonyo. Nilijibanza karibu na benchi kushuhudia ushindi wangu. Fundi akaja. Mkono wake ukagusa fundo. Uso wake ukatulia kidogo, kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. Akatembea hatua nne tano mbele, akageuka kwa ujasiri, akakaa.

Hapakuwa na benchi. Benchi lilikuwa limebaki nyuma yake.

Alianguka vibaya, mgongo kwanza, kiwiko kikachubuka kwenye changarawe. Mimi na Kamanda tulimwinua. Alikuwa mwepesi.

"Nimeligusa fundo," alisema. "Watoto, hebu niambieni. Lipo fundo pale?"

"Lipo, babu," alisema Kamanda.

"Na benchi?"

"Benchi liko pale pale penye fundo."

Fundi alijipapasa kiwiko. "Basi ni mimi," alisema.

Nami nilitazama fundo, nikatazama benchi. Vilikuwa pamoja, bega kwa bega. Sasa mzee aliangukaje? Nitasema jambo la aibu: nilipata nafuu. Nilifikiri, kumbe kweli akili yake imeanza kumwacha, basi kosa si langu. Nilitaka sana iwe hivyo.

Binti yake, ambaye ni muuguzi, alikuja kumchukua akiwa bado na sare ya zamu ya usiku. Alimfunga kiwiko, kisha akasema maneno yote kwa mkupuo. "Imetosha, baba. Jumatatu kichakani, jana unauliza siku, leo umeanguka. Kuanzia sasa utatembea ukiwa na mimi, Jumapili, nikikushika mkono."

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine utakaa."

Mchana Kamanda alinituma nimpelekee Fundi kofia yake aliyoisahau njiani. Nilimkuta kibandani ameinamia cherehani. Mwenye cherehani, mshonaji wa jirani, alikuwa amesimama na mikono kiunoni.

"Fundi, uliimaliza jana," mshonaji alisema. "Niliijaribu mwenyewe mbele yako. Ilishona vizuri."

"Najua ulisema hivyo. Ngoja niifungue niangalie tena."

"Umeshaifungua mara mbili!"

"Kidole kimeniambia skrubu iko sawa," alisema Fundi polepole. "Lakini kidole hicho hicho kiliniambia kuna benchi."

Nikaweka kofia mezani, nikaondoka bila hata kuaga.

Wakati wa chakula cha jioni nilijikaza. "Shangazi, kwa mfano tu, kwa mtu mjinga, si mimi, fundo la benchi hufungwa wapi?"

"Hatua chache kabla ya benchi," alisema shangazi. "Mtu anayetembea kwa mkono anahitaji kuambiwa mapema, apunguze mwendo, ajiandae kugeuka. Ukimwambia akiwa ameshafika, umechelewa kumwambia. Tulipofunga kamba mpya Fundi ndiye aliyetangulia, na pale alipoinua mkono ndipo nilipofunga." Alinitazama. "Kwa nini unauliza?"

"Elimu, shangazi."

"Hm. Sijui kimempata nini yule mzee. Kesho asubuhi nitapita niikague ile kamba yote."

Kwa hiyo macho yangu mazima ndiyo yaliyomwangusha. Nilikuwa nimefunga mafundo ya mtu anayeona.

Kulipopambazuka nilikuwa bwawani peke yangu. Nilitaka niyasogeze yote nyuma hatua chache kabla shangazi hajafika, na mambo yaishe kimya kimya. Nilikuwa nimepiga goti karibu na benchi, katani mdomoni, nikihangaika na fundo nililolikaza mno, niliposikia sauti kwenye miti.

"Mara moja tu," alikuwa akisema Fundi. "Nijaribu mwenyewe mara moja. Nikipotea tena, nitakufuata. Sitabisha."

"Haya, baba. Nipo nyuma yako," alijibu binti yake.

Nilijikunja chini ya kamba kama konokono. Ningekimbia, lakini changarawe ingenisema. Nikabaki, mkono mmoja bado umeshika fundo. Kamba ikaanza kutikisika taratibu, jinsi mkono wake ulivyokuwa ukikaribia. Kisha ikatulia.

"Kamba ina mtu," alisema Fundi.

Binti yake alikuwa bado nyuma ya ule mti uliopinda. Aliangalia haraka kati ya miti. "Hakuna mtu, baba."

"Naihisi. Kuna mkono umeishika."

"Baba, natazama. Hakuna mtu yeyote."

Fundi alisimama pale, hatua chache kutoka kwangu, mdomo wazi kidogo. Nikaona mabega yake yakishuka. Akaiachia kamba. Aliiachia kabisa, akanyoosha mkono nyuma, hewani, kumtafuta binti yake.

"Basi na hilo pia," alisema. "Nishike, mwanangu. Twende nyumbani."

Nilikuwa salama. Ningenyamaza pumzi mbili tu wangeondoka, na hakuna ambaye angejua, maisha yote.

"Kuna mtu, babu!" nikasema, na katani ikaniponyoka mdomoni. "Nipo mimi. Mheshimiwa. Nimeshika kamba. Ulihisi kweli."

Nilisimama nikasema yote bila kupumzika: dau, kona, kichaka, marekebisho na marekebisho ya marekebisho. Binti yake alikuwa ameshafika, na macho aliyonitazama nayo sitayasahau upesi. Nyuma yake alikuwa shangazi na reki yake. Sijui alisikia kuanzia wapi. Alisikia vya kutosha.

Fundi hakunigombeza. Aliuliza jambo moja. "Kwa hiyo fundo la benchi, lilikuwa benchini penyewe?"

"Ndiyo, babu."

"Na mkono wangu ulinieleza sawasawa?"

"Sawasawa kabisa. Ni fundo lililodanganya. Yaani, ni mimi."

Akakaa. Safari hii benchi lilikuwepo. Alijifunika uso kwa viganja vyote viwili, na mabega yakatikisika, nami sikujua kama analia au anacheka. Nadhani vyote viwili. "Mikono hii ndiyo taa zangu, nami nimezizima mwenyewe," alisema mwishowe. "Siku zote hizi nimekuwa nikijizimia taa."

Shangazi aliniketisha upande wa pili wa benchi. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Utani wako wa kwanza ulikuwa ujinga," alisema, "na ujinga husameheka. Lakini ulimwona kichakani ukanyamaza. Ulimsikia akiuliza siku ukanyamaza. Ulimwacha mtu aamini kwamba akili yake imeharibika, ili wewe usigombezwe. Unaelewa ulichochukua? Ulihamisha katani, lakini kilichopotea ni imani ya mtu na mikono yake mwenyewe. Njia kama hii sisi hatuilindi kwa changarawe peke yake. Tunailinda kwa kusema kweli. Fundo ni neno, na kuna mtu anayeweka mguu wake juu ya neno hilo. Na ukikosea, sema siku ile ile, wakati kosa bado ni dogo la kubebeka."

"Ndiyo, shangazi. Nisamehe, babu. Nisamehe, dada."

"Mimi bado," alisema muuguzi. "Nitakuambia nikiwa tayari."

"Mimi nimesamehe," alisema Fundi, "ila kwa kazi. Nani ana kitambaa?"

Walinifunga macho. Fundi alishika kamba mbele, mimi nyuma yake, na tukazunguka njia nzima. Pale alipoinua mkono, shangazi alifunga fundo. Nilijigonga kwenye nguzo, nikaingia kichaka kile kile, na Kamanda, aliyekuja mbio ili asikose chochote, alicheka mpaka mafua yakamrudi. Tulipofika darajani nilikuwa nimeanza kuelewa jinsi hatua chache za onyo zilivyo nyingi, na jinsi zinavyopendeza ukizipata.

Asubuhi iliyofuata Fundi Cherehani alikunja fimbo yake getini, akaitia mfukoni. "Naenda peke yangu," alimwambia binti yake. Muuguzi alitazama kiwiko chenye bendeji, akasema, "Haya, baba. Nakusubiri hapa." Na mzee akaenda.

Alipita mti uliopinda. Alipapasa fundo la benchi, akapunguza mwendo, akagusa benchi kwa goti, hakukaa. Akaendelea. Kwenye kona aligeuka kama mlango uliopakwa mafuta. Karibu na daraja mluzi ulianza, mdogo kwanza, kisha ule wa zamani. Halafu ukakatika.

"Mheshimiwa," alisema bila kugeuka, "nilisema naenda na nani?"

Nilisimama, mguu mmoja hewani.

"Peke yako, babu."

"Na huyo anayenijibu ni nani?"

Hapakuwa na mahali pa kujificha, wala maneno ya kiranja msaidizi ya kunisaidia.

"Ni mimi, babu. Nakufuata tangu getini. Niliogopa labda kuna fundo moja tumelikosea. Nimevua hata viatu ili usinisikie."

"Nilikusikia ulipokanyaga jiwe ukasema 'mama'. Rudi."

"Narudi, babu."

Nikageuka, viatu mkononi, nikarudi getini nikichechemea juu ya changarawe niliyoishindilia mwenyewe, na nyuma yangu mluzi ukavuka daraja.